Milango Isiyodai Hati (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna seva inavyomtambua mtumiaji kwa tokeni, yaani hati fupi ya herufi na tarakimu ambayo simu hupewa baada ya mwenyewe kuthibitisha nywila yake, nayo huiambatanisha na kila ombi lifuatalo. Leo twageukia jambo ambalo watunzi wengi wa programu hulidhania jepesi, nalo ni kuisamehe anwani fulani ya seva, ambayo tutaiita mlango, isidai hati hiyo.

Tuseme vijana wa Bomang'ombe, pale barabara ya Sanya Juu inapochepuka kutoka ile ya Moshi na Arusha, wamekitungia chama cha ushirika cha kahawa programu kwa Django, kiunzi kilichozaliwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Bei za mnada wa Moshi si siri ya mtu. Mkulima wa Machame, mnunuzi na hata mpita njia wote wafaa kuzisoma bila kujitambulisha. Ama kilo alizopeleka mkulima na fedha anazodai, hizo ni amana, wala haifai jirani azione.

Django REST Framework, nyongeza itumiwayo aghalabu kwa kazi hii, isipoambiwa lolote huiacha milango yote wazi, nami naiona hali hiyo kuwa ya hatari. Sharti mtunzi aandike katika mipangilio kwamba kila mlango ni IsAuthenticated, yaani hudai hati, kisha autaje kwa jina kila anaousamehe, akiupa AllowAny. Mlango uliofungwa kwa kusahauliwa utalalamikiwa kabla ya adhuhuri. Uliosahauliwa wazi waweza kukaa mwaka mzima pasipo mtu kunena.

Lakini AllowAny ni neno la ruhusa tu, na katika kiunzi hiki utambuzi huitangulia ruhusa. Mkulima ambaye tokeni yake imekwisha muda afunguapo ukurasa wa bei, simu yake huipeleka tokeni ile ile kwa mazoea; utambuzi, ambao ndio bawabu wa mlango, huisoma, huiona batili, hujibu 401, yaani hakutambuliwa, na kumrudisha, hali suala la ruhusa halijafikiwa bado. Asiye na hati kabisa huingia, na mwenye hati iliyochakaa hufukuzwa! Hata mlango wa kuombea tokeni mpya waweza kumkatalia aliyeijia, kwa sababu tu ameshika ile ya zamani. Dawa yake ni kuandika katika mlango huo authentication_classes na kuipa orodha tupu, ili bawabu asiulize kitu. Watumiao Spring Security, nyenzo ya ulinzi katika programu za Java, hukutana na jambo kama hilo, kwani permitAll haikiondoi kichujio cha tokeni ambacho mtunzi mwenyewe amekitanguliza.

Kuna pia mlango usioweza kudai tokeni hata mwenyewe akitaka. Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza Machi 2007, mfanyabiashara aliyejiunga na huduma ya Safaricom iitwayo Daraja hutoa anwani ya kupokelea matokeo. Seva yake ikishaomba malipo, na mteja akatia namba yake ya siri, seva za Safaricom huiita anwani hiyo, nazo hazina tokeni ya seva ya mfanyabiashara huyo. Ile tokeni ya saa moja ambayo Daraja humpa mfanyabiashara ni ya maombi yake ya kwenda tu. Basi mlango husamehewa, na ayari aliyeijua anwani aweza kuleta habari ya uongo yenye ResultCode 0, kana kwamba fedha zimelipwa. Kwa hivyo seva itazame kama CheckoutRequestID iliyoletwa ni ile iliyopewa ilipoomba malipo, ilinganishe kiasi, kisha iiulize Daraja yenyewe, safari hii kwa tokeni, kama muamala umetimia. Ndipo mzigo utoke ghalani.

Idadi ya maombi ambayo mgeni asiyejulikana aweza kuruhusiwa kwa dakika moja tutaieleza katika sehemu ya tatu, inshallah.