Lita Sita Kifuani, na Gunia la Makala

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam makala, atafikiria gazeti. Katanga, kusini mwa Kongo, kuanzia Lukafu hadi Lubumbashi, makala ni mkaa: huchomwa kutokana na miti ya miombo, hujazwa guniani, hufungwa kwenye baiskeli na kusukumwa mjini kivumbivumbi.

Msukumaji huyo akiketi kivulini, kila pumzi humwingizia kama nusu lita ya hewa. Si yote inayofika kazini. Mililita 150 hivi huishia njiani, puani na kwenye mabomba, kisha hurudi nje bila kukutana na damu.

Njia yenyewe haina ulinganifu. Bomba la hewa hugawanyika matawi mawili, na tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi. Ndiyo maana karanga inayompalia mtoto mara nyingi huangukia pafu la kulia. Pafu hilo lina sehemu tatu. La kushoto lina mbili, kwa kuwa limeupisha moyo. Matawi huendelea kugawanyika mara 23 hivi, hadi kwenye mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa. Na mapafu hayajivuti yenyewe: kiwambo kilicho chini yake kikishuka, hewa huingia.

Msukumaji akipanda mlima, nusu lita haitoshi. Pumzi hupanda hadi lita mbili na zaidi, mdomo hufunguka, na vumbi la kiangazi hupita bila kuchujwa puani.

Daktari Mwingereza John Hutchinson alichapisha mwaka 1846 vipimo vya watu zaidi ya 2,000 waliopuliza kwenye spirometa yake, kifaa cha kupimia pumzi. Aligundua kwamba mrefu hupuliza zaidi. Mwanamume mzima huweza kutoa karibu lita 4.8, lakini hata ajikamue vipi, lita moja na ushei hubaki ndani; jumla, karibu lita sita. Akiba hiyo haitoki kwa hiari, na ni heri, maana huvizuia vifuko visinywee.

Makala hurudi kifuani kwa njia nyingine. Usiku wa baridi wa Juni, mbabula, yaani jiko la makala, iliyoivishia bukari, yaani ugali, huingizwa chumbani, mlango ukafungwa. Kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye makala yanayowaka, haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania hemoglobini mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huendelea kuvuta nusu lita yake, pumzi baada ya pumzi. Mapafu yake ni mazima, vifuko vimejaa hewa. Ni damu tu ambayo haina tena nafasi ya kuibeba oksijeni.