Nyuzi za Protini na Utando wa Chembe ya Damu: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tuliutazama utando wa chembe nyekundu ya damu, nao ni tabaka mbili za lipidi, ile ya ndani ikiwa na fosfatidilserini, lipidi yenye chaji hasi. Chini yake zimetandazwa nyuzi za spektrini, zilizofumwa mithili ya juya la mvuvi na kushikizwa kwa protini nyingine, ambazo baadhi yake zina sehemu zenye chaji chanya zinazonasa lipidi hizo. Na ni kwa mshikamano huo chembe hujipenyeza katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, ikarejea umbo lake, kwa muda wa siku takriban 120.

Mshikamano huo huvunjika katika selimundu, maradhi ambayo chembe nyekundu huchongoka mfano wa mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walidhihirisha kuwa himoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana kwa chaji na ya watu wengine, na baadaye Vernon Ingram akabainisha sababu: mahali pa sita katika mnyororo wa beta pana valini, isiyo na chaji, badala ya asidi ya glutamiki yenye chaji hasi. Himoglobini hiyo ikiisha kuachia oksijeni hushikana ikawa nyuzi ngumu, ambazo huusukuma utando hadi ukabanduka juu ya spektrini; kalsiamu ikaingia, na fosfatidilserini, ambayo makao yake ni ndani, ikajitokeza nje na kuzikusanya protini za kugandisha damu. Anayeyaeleza maradhi haya kwa umbo la mundu peke yake ameacha nusu ya habari.

Mwaka huo huo wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za wenyeji, akakuta jeni ya maradhi haya imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, hata kupita watu 20 katika kila 100 miongoni mwa baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu ilikuwa nadra mno. Thika na Ruiru zimo katika nyanda hizo, lakini viwanda na mashamba ya kahawa yamewaleta watu wa kila upande. Basi mtoto mchanga aliyevimba vidole vya mikono na miguu, akilia katika baridi ya Julai, na apimwe. Tone la damu yake huchanganywa na sodiamu metabisulfiti, likafunikwa kwa kioo hewa isipenye, na baada ya kitambo chembe huonekana katika hadubini zikichongoka moja baada ya moja. Kipimo hicho hakimpambanui mgonjwa na mchukuzi tu wa jeni hiyo, ambaye haumwi. Kwa hiyo himoglobini hupitishwa katika umeme, na ile iliyopungukiwa na chaji hasi husafiri polepole, ikabaki nyuma ya mwenzake.