Konda wa Namba: Jinsi Tulivyoiokoa Wifi ya Geto Ilomba



Ilomba, Mbeya, saa 2 usiku ndo muda wenyewe wa wifi. Malori ya Zambia yananguruma barabara kuu, baridi ya Juni inang'ata masikio, na kila geto lenye wanachuo wanne lina simu nne zinanyonya vocha. Vocha hizo tunauza sisi: ruta ya MikroTik, antena juu ya bati, buku kwa siku. Sasa kila usiku, muda uleule, mzigo unakata. Dakika mbili tatu, unarudi. Wateja wanamaindi. "Oya kaka, mbona mnatuzima?" Mmoja alikuja kudai buku yake mlangoni, bimkubwa anasikiliza. Mimi lawama zote namtupia mtoa huduma, mshkaji wangu anakomaa kwamba ni upepo unatikisa antena. Wiki nzima tunabishana na hamna mwenye ushahidi.

Ushahidi ni kazi ya ejenti. Ni kaprogramu kadogo kanakaa kwenye mashine, kanahesabu kila baada ya sekunde kadhaa: prosesa imechoka kiasi gani, laini ikoje, ruta imewaka tangu lini. Halafu kanapeleka namba hizo kwenye seva inayozichora. Mchukulie kama konda wa daladala: anahesabu vichwa, jioni anampelekea bosi hesabu.

Mabosi wako wa aina mbili. Prometheus, iliyoanzia SoundCloud kule Berlin mwaka 2012, ni bosi anayefuata hesabu mwenyewe. Anabisha hodi kwenye mashine yako, anasoma namba, anasepa. Kitaa huyo anakwama, maana ukitumia laini ya simu mnakuwa watu kibao nyuma ya anwani moja ya intaneti, na mtu wa nje haoni mlango wako. Sisi tukachukua Telegraf ya InfluxData. Yenyewe inatoka ndani kwenda nje, inapeleka hesabu kwa InfluxDB kwenye seva tuliyopanga ughaibuni. Kutoka ndani kwenda nje hakuzuiliwi.

Mzigo wote uko kwenye faili moja, /etc/telegraf/telegraf.conf. Juu unaweka kila baada ya muda gani ahesabu. Kwenye inputs unamwambia ahesabu nini, kwenye outputs unampa anwani ya bosi, tokeni na jina la ndoo ya kuhifadhia. Hapa tulipoteza usiku mzima. Ukiandika telegraf --test namba zinamwagika kwenye skrini, unashangilia, unaenda kulala. Asubuhi ndoo tupu! Ile amri inaonyesha hesabu tu, haipeleki popote. Tumia --once, hiyo inahesabu mara moja na kutuma kweli, na kama tokeni ina herufi moja imeruka utatukanwa palepale.

Sasa sikia kitu ambacho video nyingi za mafunzo zinakiruka, na ndo kitu kikubwa kwa sisi wa huku. Mtandao ukikata, Telegraf haitupi hesabu. Inazishika mkononi, mtandao ukirudi inapeleka zote. Ila mkono una kipimo: metric_buffer_limit, kwa kawaida 10,000. Konda wetu alikuwa anakusanya namba 20 kila sekunde 10. Piga hesabu: mkono unajaa ndani ya saa moja na dakika 23. Ukijaa, anaanza kudondosha zile za zamani zaidi. Yaani unapoteza ile dakika tatizo lilipoanza, ambayo ndo ulikuwa unaitafuta! Tukampa muda wa sekunde 60, uleule mkono ukamtosha zaidi ya masaa 8.

Na mkono huo kwa kawaida uko kwenye kumbukumbu ya mashine, umeme ukizima ghafla umeisha. Ndo maana tulimweka kwenye laptopu kuukuu iliyopasuka kioo. Betri yake bado inasukuma nusu saa.

Tukampa kazi ya kupiga pingi, yaani kuuliza "upo?" na kusubiri jibu, sehemu tatu: ruta yetu, geti la mtoa huduma, na nje ya nchi. Faida yake ni hii: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Bongo nzima ikasota, watu walizima na kuwasha ruta zao mpaka vidole vikauma. Mwenye pingi tatu siku kama hiyo anaona mbili za kwanza ziko fresh, anakaa anakunywa chai.

Kwetu ilikuwa kinyume. Pingi ya kwanza kabisa, ya ruta yetu wenyewe, ndo ilikuwa inakufa. Tukaongeza SNMP, njia ya kuhoji vifaa vya mtandao, kuiuliza ruta imewaka muda gani. Mchoro ukatoka kama msumeno: unapanda mchana kutwa, ikifika saa 2 na dakika kumi unaanguka mpaka sifuri. Ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha. Tukafuata waya. Adapta yake ilichomekwa kwenye ekstensheni moja na drayaa ya saluni ya dada wa chumba cha mbele, na saa 2 ndo wateja wake wanatoka kazini. Drayaa ikiwaka, umeme unapwaya, ruta inadondoka.

Tulihamisha plagi. Mtoa huduma hakuwa na kosa, antena haikuwa na kosa. Yule mwana wa buku tukamrudishia na siku moja juu.

Kama una laptopu imelala uvunguni na wifi yako ya kitaa inazingua, iamshe wikiendi hii. Ukishaweka Telegraf, kabla hujachora mchoro wowote wa kupendeza, piga hesabu ya metric_buffer_limit yako itamudu masaa mangapi mtandao ukikata.