Jedwali la Mzigo: Kwa Nini Subaru ya Turbo Hugonga Ikipandisha Newala

Dereva wa Subaru Forester ya turbo akitoka Masasi kupandisha Newala anaweza kusikia mlio mkavu ndani ya injini, kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo, hasa akiwa gia ya tatu na ameshakanyaga mafuta zaidi ya nusu. Akimweleza fundi, jibu la kwanza huwa ni mafuta mabaya. Wakati mwingine ni kweli. Kuna chanzo kingine kinachopuuzwa, na kinazidi kuwa hatari siku hizi ambapo kijana mwenye kompyuta mpakato, waya wa kuunganishia na programu za bure kama RomRaider anaweza kuifungua kompyuta ya gari na kubadilisha namba zake. Chanzo hicho ni kompyuta kuamini kwamba injini ina mzigo mdogo kuliko uliopo.

Abiria na magunia hayamo katika hesabu ya mzigo huu. Kompyuta ya Subaru hupima mzigo kwa gramu za hewa zinazoingia katika kila mzunguko mmoja wa injini. Injini ya EJ205 ya Forester hizi ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,994, na kwa kuwa ni ya mipigo minne, kila mzunguko huvuta nusu ya ujazo huo, karibu lita moja. Lita moja ya hewa ya usawa wa bahari kwenye joto la nyuzi 25 ina uzito wa gramu 1.18 hivi. Kwa hiyo bila turbo, hata ukikanyaga mpaka mwisho, mzigo hauwezi kupita sana gramu 1.2. Turbo ikianza kusukuma, namba hiyo hufika 2 na kupita.

Kompyuta hupata namba hiyo kwa kugawanya. Sensa ya hewa ikisema zinapita gramu 120 kwa sekunde, na injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde, mzigo ni gramu 2.0. Kisha kompyuta inaingia kwenye jedwali: upande mmoja mizunguko, upande mwingine mzigo, na kila kisanduku kina namba inayoamuru cheche iwahishwe kwa digrii ngapi. Mzigo ukiwa mkubwa, cheche haiwahishwi sana, kwa sababu mchanganyiko uliobanwa sana huungua haraka na ukiwashwa mapema mno hulipuka wenyewe. Huko ndiko kugonga, na pistoni haivumilii kwa muda mrefu.

Sasa chukua gari lile lile, lakini sensa imeshika vumbi jekundu la uwanda wa Makonde. Sensa hii ni waya mwembamba unaopashwa moto na kupozwa na hewa inayopita. Ukivaa tabaka la vumbi, au mafuta yaliyotoka kwenye chujio la pamba lililopakwa kupita kiasi, haupozwi sawasawa, na mara nyingi husoma pungufu. Tuseme pungufu kwa asilimia 10. Hewa halisi ni gramu 120, sensa inasema 108. Mzigo uliokuwa 2.0 unaonekana 1.8, na kompyuta inahamia kisanduku cha jirani ambacho kinawahisha cheche zaidi. Mafuta nayo yanapimwa kwa ile 108: badala ya hewa sehemu 11 kwa petroli sehemu 1, injini inapata sehemu 12.2. Mafuta yamepungua na cheche imewahi, yote kwa pamoja, na mlima bado uko mbele.

Hapa ndipo mafundi wazuri wanapoteleza. Wanaunganisha mashine, wanaona kompyuta imeshaongeza mafuta kwa asilimia 11 hivi kwa msaada wa sensa ya oksijeni, wanasema gari limejirekebisha. Limejirekebisha upande wa mafuta tu. Hesabu ya mzigo haikuguswa. Bado inasoma 1.8, na cheche bado inatoka kwenye kisanduku kisicho chake. Masahihisho makubwa ya mafuta yanapaswa kusomwa kama ushahidi kwamba mzani wa hewa umeharibika. Mkulima wa korosho analijua jambo hili vizuri: mzani ukiwa mbovu, hata karani awe mwadilifu namna gani, hesabu zote zinazofuata ni mbovu.

Kosa hilohilo hufanywa kwa makusudi bila mtu kujua uzito wake. Gari linafungwa nozeli kubwa zaidi, na ili mafuta yasizidi, mrekebishaji anapunguza usomaji wa sensa ya hewa kwenye programu. Mchanganyiko unakaa sawa na injini inanguruma vizuri. Lakini mzigo wote umeshushwa, na jedwali zima la cheche limesogea kwenda upande wa hatari. Nozeli zikibadilishwa, kinachopaswa kubadilishwa ni namba ya ukubwa wa nozeli. Vivyo hivyo bomba pana la chujio linalouzwa kama urembo: likizidi kipenyo kwa asilimia 10 tu mahali sensa ilipokaa, eneo la kupitisha hewa linaongezeka kwa asilimia 21, na sensa inadanganya kwa kiasi kikubwa kuliko vumbi la mwaka mzima.

Kosa la pili liko mwishoni mwa jedwali. Tuseme safu ya mwisho imeandikwa 2.4, na mtu ameongeza msukumo wa turbo mpaka mzigo ukafika 2.7. Kompyuta haikisii kinachofuata. Inaendelea kutumia namba za 2.4. Dawa ni kuandika upya vichwa vya safu, ukipunguza msongamano kwenye mizigo midogo ili upate nafasi juu. Ukibadilisha vichwa bila kukokotoa upya visanduku vilivyo chini yake, umehamisha jedwali zima kwa mkupuo mmoja. Nimeona faili za namna hii zikipita mkono kwa mkono kwenye simu, na zinanitia hofu kweli.

Mwinuko una mchango wake. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na katika urefu huo shinikizo la hewa limepungua kwa asilimia 7 hivi kulinganisha na Mtwara mjini. Sensa inayopima uzito wa hewa hulihesabu hilo yenyewe. Turbo ndiyo inayolazimika kuzunguka kasi zaidi ili kufikia msukumo uleule, na hewa inatoka imepata joto zaidi. Mzigo unaweza kusomeka 2.0 Mtwara na 2.0 Newala, lakini ule wa Newala ukawa karibu zaidi na kugonga.

Halafu kuna petroli. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isiwe chini ya oktani 89 na ile ya juu isiwe chini ya 96, na Subaru hizi za turbo ziliandikiwa ile ya juu. Gari lililotoka Japani na jedwali lake la awali halina akiba kubwa ya kuchezea likitumia petroli ya chini ya hapo.

Dizeli ni habari nyingine. Hilux na Prado zenye 1KD-FTV huhesabu mzigo kwa kiasi cha mafuta katika kila mpigo, na lipo jedwali la pili linalozuia moshi kulingana na hewa iliyopo. Anayelifuta hilo la pili ili gari livute anapata moshi mweusi, na joto la eksozi linalochosha turbo.

Kwa petroli, kazi ianze kwenye sensa: isafishwe kwa dawa yake, bomba likaguliwe kama linavuja, masahihisho ya mafuta yashuke karibu na sifuri. Ndipo rekodi ichukuliwe katika mpando, fundi akisoma na mwingine akiendesha: mizunguko, mzigo, msukumo, joto la hewa, na digrii ambazo kompyuta imerudisha cheche baada ya kusikia kugonga. Kisanduku kilicholalamika kipunguzwe digrii 1 au 2 pamoja na majirani zake, kisha mpando urudiwe kwa petroli ya kituo kilekile. Na faili la awali, kabla halijaguswa hata namba moja, lihifadhiwe na mwenye gari apewe nakala yake.