Kamioneti ya batri na baridi ya Winnipeg: mkwe akiomba pesa, tumwulize nini?



Juma lililopita, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja mwenzetu alibaki kwenye kiti chake wakati wengine tulikuwa tumekwisha kusimama. Akasema ana neno. Binti yake anaishi Winnipeg, nchini Kanada, pamoja na mume wake na watoto 2. Mkwe huyo anahamisha vyombo vya watu: anavipakia katika remorki iliyofungwa kama sanduku, anaivuta nyuma ya kamioneti yake kuukuu, inayokunywa esansi bila huruma. Sasa ameona kamioneti ya batri, isiyotumia esansi hata tone. Benki inakubali kumkopesha, lakini anatakiwa kutanguliza pesa. Anamwomba mama mkwe amsaidie na dola 3 000.

Dola hizo ni zile ambazo binti amekuwa akituma kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba ya mama hapa Lubumbashi. Msingi umekwisha, matofali yamekwisha kuchomwa, bado kuta.

"Nikikataa, mkwe ataona simtaki," alisema. "Nikikubali, mvua nyingine itanikuta bado napanga. Na gari lenyewe silijui. Ninyi walimu, nielezeni."

Tulimwomba atupe wiki moja. Tulisoma, tukapiga hesabu, tukazungumza na binti kwa simu. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa sababu tunajua si yeye peke yake mwenye mtoto kule kwenye theluji.

Gari lenyewe

Huko Amerika ya Kaskazini, kamioneti ni gari la kazi na pia gari la familia. Kampuni ya Rivian ilianza kuuza kamioneti yake ya batri mwaka 2021. Mwaka 2022 Ford ikaanza kutengeneza F-150 Lightning kule Dearborn, karibu na Detroit. Baadaye Tesla na Chevrolet zikafuata na za kwao.

Tuseme ukweli: ni magari yenye nguvu. Lightning inaweza kuvuta mzigo wa karibu kilo 4 500. Haina mafuta ya injini ya kubadilisha. Ina hata plagi za kutoa umeme, kiasi cha kuendesha firigo na taa za nyumba wakati moto umekatika. Sisi tunaopika kwa makala kila moto ukikatika tulivutiwa na jambo hilo, hatufichi.

Kuhusu safari, Lightning yenye batri kubwa ilipimwa na serikali ya Marekani ikapewa kilomita 515 kwa batri iliyojaa. Yenye batri ndogo ilipewa kilomita 370. Mkwe alikuwa ameshika namba hiyo ya 515 kama mtu aliyeshika hati ya kiwanja. Lakini namba hiyo ni ya gari lisilovuta kitu, katika hali ya hewa nzuri.

Ndani ya batri kuna nini?

Tulianza na somo dogo. Batri kubwa ya gari hili inatunza umeme wa kilowati-saa 131. Lita moja ya esansi ina nguvu ya karibu kilowati-saa 9. Gawanya: batri nzima, pamoja na uzito wake wote, ina nguvu sawa na lita 15 hivi za esansi. Ni kidumu cha lita 20 kisichojaa.

Je, gari zito namna hiyo linakwendaje kilomita 515 kwa lita 15? Ni kwa sababu mota ya umeme haipotezi. Injini ya esansi inageuza sehemu kubwa ya mafuta yake kuwa joto tu. Ndiyo maana ukigusa boneti inakuunguza. Mota ya umeme inapeleka karibu nguvu yote kwenye magurudumu.

Basi gari la batri ni kama mama anayelisha nyumba kwa pesa kidogo kwa sababu anajua kupanga. Anafika mwisho wa mwezi. Lakini mgonjwa mmoja tu, au wageni wa ghafula, na mfuko unakwisha, maana hakukuwa na cha ziada. Wageni wa ghafula wa gari hili ni wawili: baridi na remorki.

Mgeni wa kwanza: baridi

Kila mama wa Lubumbashi anajua mafuta ya mawese yanavyokuwa asubuhi za mwezi wa sita. Unainamisha chupa, hayatoki, yameganda. Ndani ya batri kuna maji ya dawa ambamo chembe za umeme husafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi ikija, maji hayo hayagandi kama mawese, lakini mwendo unakuwa mzito. Batri inatoa nguvu kwa shida na inapokea umeme kwa shida zaidi.

Halafu kuna watu ndani ya gari. Gari la esansi linawapasha moto kwa lile joto lake la kupotea, bure. Gari la batri halina joto la bure. Linapaswa kuchota katika batri ileile. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari madogo 5 ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila kuwasha joto la ndani, yalipoteza asilimia 12 ya safari yao. Joto lilipowashwa, yalipoteza asilimia 41.

Kumbuka, hiyo ni nyuzi 7 tu. Winnipeg mwezi wa kwanza hushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Na mwezi wa kwanza mwaka 2024, kule Chicago, baridi kali ilipoingia, magari ya umeme yalipanga foleni kwenye vituo vya kuchaji. Batri zilizopoa zilipokea umeme polepole, foleni haikusogea, na wengine wakaishiwa wakiwa bado wanangoja.

Lakini tusitishane. Norwe nako kuna theluji, na mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Wengi wanachaji nyumbani usiku, vituo viko vingi njiani, na kabla ya kuondoka wanapasha gari moto likiwa bado kwenye plagi, ili joto hilo lisitoke kwenye batri. Magari mengi ya siku hizi pia yana kipasha joto kisichokula umeme mwingi. Ford iliweka hicho kwenye Lightning za mwaka 2024. Baridi peke yake, basi, mtu anaweza kuipangia.

Mgeni wa pili: remorki

Hapa ndipo mkwe wetu alipopaswa kusikiliza vizuri.

Chukua gunia la unga kichwani: ni zito, lakini unatembea. Chukua godoro, ambalo ni jepesi kuliko unga, siku ya upepo. Linakuyumbisha, linakurudisha nyuma, unafika umechoka mara mbili. Remorki iliyofungwa kama sanduku ni godoro hilo. Kwenye barabara kuu gari linapigana na upepo kuliko linavyopigana na uzito. Na ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma mara nne.

Mwaka 2022 gazeti la magari la Marekani, MotorTrend, lilijaribu Lightning yenye batri kubwa kwa remorki 3 tofauti. Kwa ile nyepesi, ya kilo 1 400 hivi, gari lilikuwa na safari ya kilomita 185. Kwa ile nzito, ya zaidi ya kilo 3 200, kilomita 145. Tazameni: uzito umezidi mara mbili, lakini tofauti ni kilomita 40 tu. Hasara kubwa ilikwisha kuingia wakati remorki ya kwanza ilipofungwa nyuma.

Gari la esansi nalo linakula zaidi likivuta. Lakini lenyewe linasimama kwenye pompi dakika 5 na kuendelea. La batri linahitaji muda mrefu zaidi, na vituo vingi vya kuchaji vimepangwa kwa gari lisilo na mkia: dereva anafungua remorki kwanza, anaiacha pembeni, anachaji, kisha anairudisha. Fanya hivyo usiku, kwenye theluji, na vyombo vya mtu viko ndani.

Tuhesabu kwa barabara yetu

Tuchukue barabara tunayoijua. Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120. Hadi Kolwezi ni kama 300.

Kwa kilomita 515 za karatasi, tunakwenda Kolwezi, tunageuza, tunarudi hadi kupita Likasi kidogo. Tukiondoa asilimia 41 kwa baridi na joto la ndani, tunafika Kolwezi, basi, hatuna cha kurudia. Tukivuta remorki nzito bila baridi yoyote, tunapita Likasi kidogo tu na kusimama njiani. Na baridi na remorki vikija siku moja? Kila mama amepiga hesabu hiyo mwenyewe.

Sasa tuvuke kwenda kwa mkwe. Binti alituambia kwamba wateja wengi wa mume wake wanahamia Brandon, ambako kutoka Winnipeg ni kilomita zaidi ya 200 kwenda tu. Na nyumba wanayokaa ni ya kupanga. Nje kuna plagi, ndiyo. Huko Winnipeg hata magari ya esansi yanachomekwa usiku ili injini isigande. Lakini plagi ya kawaida ya Kanada ni ndogo: kujaza batri ile kutoka sifuri kungechukua siku 4 hivi, usiku na mchana. Kuweka plagi kubwa kunahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na pesa nyingine.

Na udongo wetu?

Mama mmoja aliuliza: "Si batri hizo zina kobalti yetu?" Ndiyo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka nchini kwetu, Lualaba na Haut-Katanga, na wanawake wengi wa huko wanaosha mawe hayo kwa mikono yao. Kwa hiyo woga wa mnunuzi kule kwenye theluji si jambo la mbali. Mwezi wa 12 mwaka 2025 Ford ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza Lightning ya batri tupu, na kwamba itakayofuata itakuwa na injini ndogo ya kuchaji batri njiani. Mwaka huohuo serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje kuanzia mwezi wa pili, kisha kuanzia mwezi wa kumi ikaweka kiasi maalumu, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Tena kuna batri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti kabisa. Bei yake ni nafuu, lakini kwa kawaida ndizo zinazosumbuliwa zaidi na baridi. Ukiwa na ndugu Kolwezi na mkwe Winnipeg, gari hilohilo linawahusu wote wawili.

Maswali 4 ya kumwuliza mtoto kabla ya kutoa pesa

1. Safari yako ndefu kuliko zote, siku ya baridi kali, ni kilomita ngapi kwenda na kurudi? Kama inazidi nusu ya namba iliyo kwenye karatasi ya gari, simama.

2. Unavuta nini, na mara ngapi kwa mwezi? Remorki fupi mara moja kwa mwezi ni jambo moja. Sanduku refu kila siku, ikiwa ndilo linalolisha nyumba, ni jambo lingine.

3. Gari litalala wapi? Una plagi kubwa ya kwako, au unategemea vituo vya njiani?

4. Kama ni gari lililokwisha kutumika, dhamana ya batri imebaki miaka mingapi? Kwa Lightning ni miaka 8 au kilomita 160 000, kinachotangulia.

Mtoto anayekwenda kazini mjini na kurudi, mwenye plagi yake nyumbani, asiyevuta kitu, anaweza kujibu yote haya vizuri. Msimkatalie kwa woga tu. Umeme wa Manitoba karibu wote unatoka kwenye mito na haugharimu sana. Gari la namna hiyo litamwekea pesa.

Simu ya Jumapili

Jumapili tulikaa kwa mama huyo, simu katikati ya meza. Hakumwambia mkwe "hapana". Alimwuliza maswali 4, moja moja, akingoja jibu. Kwenye swali la kwanza mkwe alijibu haraka. Kwenye la pili alijibu polepole. Kwenye la tatu alinyamaza, tukasikia watoto wakicheza nyuma yake.

Halafu akasema: "Mama, nimekuelewa. Mwezi wa pili baridi itakuwa bado kali. Nitakodi moja siku 2, nifunge remorki yangu, niende nayo Brandon. Nitakuambia nimefika wapi."

"Nenda salama, mwanangu," mama akamjibu. "Chukua blanketi."

Alipokata simu alizifunga tena zile dola 3 000 katika kitambaa. Amesema zitangoja hadi mwezi wa pili. Fundi wa kuta naye amekubali kungoja, lakini ameonya kwamba bei ya saruji haitamngoja mtu.

Tutawaletea habari za Brandon hapa, mkwe akifika.