Ini la Samaki na Mahindi Yenye Ukungu

Akina mama, msiwatupie simbilisi wenu mahindi yenye ukungu. Ukungu wa namna fulani hutia sumu ndani ya mahindi na karanga. Jina lake aflatoksini. Mwaka 1960, huko Marekani, samaki wengi wa kufugwa walionekana na uvimbe mbaya katika ini. Baadaye wenye elimu waligundua kwamba sumu hiyo ilikuwamo katika chakula chao. Simbilisi naye akiila hufa upesi, ini limeharibika. Na watu je? Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Moto wa chungu hauimalizi. Huku Butembo na Beni mvua ni nyingi, basi anikeni mahindi juu ya mkeka, si udongoni, hata yakauke kabisa. Punje zenye ukungu msizipikie pombe.