Karamu ya Sahani Nyingi na Ulimi wa Kuuliza

Miongoni mwa ndugu zetu wanaoishi Denmaki, Uswidi na Norwe, wapo wanaoiadhimisha siku ya ndoa au kuhitimu kwa mtoto katika migahawa midogo ya upishi wa Kaskazini. Ni migahawa yenye meza chache, ambamo mgeni hachagui chakula. Mpishi amekwisha kuamua. Sahani kumi au zaidi, kila moja ikiwa na tonge mbili tatu, huletwa moja baada ya nyingine kwa muda wa saa tatu au nne. Ladha ya mlo huo imo katika kumwachia mpishi hiari yote. Na hiari hiyo ndiyo Muislamu asiyoweza kuiachia yote.

Upishi huu una sifa zake, nasi hatuzikanushi. Mgahawa wa Noma ulifunguliwa Copenhagen mwaka 2003. Mwaka uliofuata, wapishi wa nchi hizo walitia saini tamko la vipengele 10, wakiahidi kutukuza mazao ya ardhi na bahari yao kwa kufuata misimu. Mwani, uyoga na matunda ya mwituni vikapata heshima, na mwaka 2010 Noma ikawekwa ya kwanza katika orodha ya migahawa bora duniani.

Hata hivyo, uzuri wa sahani hausemi kilichomo ndani yake. Mvinyo hutiwa katika michuzi, na jelatini ya nguruwe huweza kujificha katika kitamutamu. Wapo hata wapishi wanaopamba chakula kwa sisimizi, mdudu ambaye Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa. Ama nyama, Uswidi kwa sheria ya mwaka 1937, na Denmaki tangu mwaka 2014, zimezuia kuchinja bila kwanza kumpoteza mnyama fahamu. Kwa hiyo nyama isiyojulikana chanzo chake isidhaniwe tu kuwa ni halali.

Njia imo katika kusema mapema. Migahawa hii hununua na kuandaa kwa hesabu ya wageni, na kwa kawaida humuuliza mgeni asichokula anapoweka nafasi. Hapo ndipo pa kueleza kwa ukamilifu: hatuli nguruwe, hatuli nyama isiyochinjwa kwa sheria yetu, wala hatutumii kileo, hata kilichopikwa. Tuombe samaki na mboga, na maji ya matunda badala ya mvinyo. Mingi ya migahawa hiyo huyaandaa kwa ufundi uleule. Kwa sisi wafuasi wa Imam Shafi'i, vya baharini vina wasaa mkubwa. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi huishia kwenye samaki.

Wapo wanaoona haya kusema hayo, wakihofu kuonekana washamba. Haya hiyo si mahali pake. Anayedhurika na karanga husema bila kutahayari. Itakuwaje anayechunga amri ya Mola wake anyamaze? Kuuliza si ujinga. Na mpishi akijibu kuwa hawezi, tumshukuru kwa ukweli wake, tutafute pengine.

Liko pia suala la ukumbi. Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa katika meza inayozungushwa ulevi. Palipo na meza moja ndefu ya wageni wote, jambo hili ni zito kuliko palipo na meza za faragha. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni wake kabla ya kulipa.

Wala swala isisahauliwe. Mjini Stockholm, katikati ya Juni jua huzama baada ya saa nne usiku, na Magharibi itawakuta mezani. Basi mhudumu aarifiwe mapema kwamba mtainuka kwa dakika chache. Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na Magharibi huswaliwa kabla ya kutoka nyumbani.

Mwisho, tupime gharama. Kumfurahisha mke au mume ni jambo jema, lakini furaha isiyogeuka deni wala israfu. Mume atakayeona mizani hiyo imemlemea, aingie jikoni mwenyewe siku hiyo, ampikie mkewe samaki aliyemchagua sokoni kwa mkono wake. Huenda karamu hiyo ikakumbukwa zaidi.